Kuhamia Oracle si kubadili mstari mmoja

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme neno juu ya kauli inayorudiwa kila programu za ofisini zinapozungumziwa: kwamba ukijenga kwa maktaba ya ORM, yaani ile inayopatanisha vitu vya lugha ya programu na majedwali ya kanzidata, utahama kanzidata moja kwenda nyingine kwa kubadili mstari mmoja wa mipangilio. Kauli hiyo ni kweli nusu. Nusu ya pili ndiyo inayowakesha watu, na wengi huijua tarehe ya kuhama ikiwa imeshatangazwa.

Tuchukue Hibernate, maktaba ya Java iliyoanzishwa na Gavin King mwaka 2001, programu ikiwa imezoea kanzidata ya PostgreSQL au MySQL na sasa inapelekwa kanzidata ya Oracle, toleo la 19c. Kipande kinachobeba tofauti za kanzidata, Hibernate yenyewe hukiita lahaja, na jina limekaa mahali pake. Mtu wa Mvita akikwambia "ndoo hapa" anakuita. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kwenda kukuletea chombo cha maji. Neno geni halina hatari, utauliza maana yake. Hatari iko kwenye neno linalojulikana pande zote mbili kwa maana mbili. PostgreSQL inasema limit 20, Oracle inataka fetch first 20 rows only: hapo lahaja inatafsiri na hakuna anayeumia. Toleo la 6 la Hibernate, lililotoka 2022, hata halihitaji kuambiwa lahaja ipi, linaitambua lenyewe kupitia dereva ya JDBC, yaani kiungo kati ya Java na kanzidata. Matatizo mengi tunayoyaeleza hapa chini ni ya aina ya "ndoo": SQL, yaani lugha ya kuiuliza kanzidata, ni sahihi, kanzidata inaikubali, ila maana siyo uliyoikusudia.

La kwanza ni maandishi matupu. Kwa Oracle, maandishi yasiyo na herufi hata moja ni NULL, yaani thamani isiyokuwepo. Sasa fikiria fomu yenye jina la kwanza, la kati na la ukoo. Asiyekuwa na jina la kati huliacha, na programu hutuma nukuu mbili tupu. PostgreSQL huzihifadhi zilivyo, hata kama safuwima imewekewa NOT NULL, yaani hairuhusiwi kuwa na NULL. Oracle itarusha kosa ORA-01400, la kuingiza NULL pasipotakiwa. Na kosa hili halikamatwi mapema, kwa kuwa Hibernate hukagua upande wa Java, na huko nukuu tupu si null. Inapita, halafu inagonga ukuta mbele. Baya zaidi ni maulizo. Sharti la where m.jinaLaKati = '' halitaleta mtu yeyote katika Oracle, na ukigeuza kuwa <> '' halitaleta mtu pia, kwa sababu kulinganisha chochote na NULL hakutoi kweli wala uongo. Ripoti inatoka nyeupe, kosa halionekani popote. Dawa: andika kigeuzi kimoja cha AttributeConverter kinachobadili maandishi matupu kuwa null wakati wa kuandika, kiwekee autoApply = true ili kitumike kila mahali, ondoa NOT NULL kwenye safuwima ambazo kweli zinaweza kuachwa wazi, kisha tafuta msimbo wote wenye = '' na uweke is null. Kazi hii ifanyike programu ikiwa bado iko kwenye PostgreSQL. Ukisubiri hadi siku ya kuhama utakuwa unabadili vitu viwili kwa mpigo, na hutajua kipi kimevunja.

Kuna mtego mwingine wa jirani, huu ni wetu wenyewe Waswahili. Oracle 19c haina aina ya BOOLEAN kwa safuwima za majedwali. Hibernate hutumia NUMBER(1), ambapo 1 ni kweli na 0 ni uongo, lakini majedwali ya zamani mara nyingi yana CHAR(1). Ukikuta safuwima iliyojazwa N kwa Ndiyo na H kwa Hapana, usiiguse kwa YesNoConverter ya Hibernate. Kigeuzi hicho ni cha Kiingereza: Y ni ndiyo, N ni hapana. Kila aliyejibu Ndiyo atasomwa kuwa amekataa. Andika chako, mistari kumi inatosha.

Tukiwa bado kwenye herufi: Kiswahili cha kawaida kina bahati, kila herufi ni baiti moja, na kwa hiyo kasoro ya urefu hujificha miezi. Msimamizi wa kanzidata akitengeneza safuwima VARCHAR2(10) bila kusema zaidi, Oracle kwa mipangilio yake ya kawaida huhesabu baiti 10, si herufi 10. Jina Ng'ang'a lina herufi nane na linaingia vizuri. Lakini likiandikwa kwenye simu inayopenda kupinda alama ya ung'ong'o, kila alama iliyopinda huchukua baiti tatu katika usimbaji wa herufi wa UTF-8. Hesabu: herufi sita kwa baiti sita, alama mbili kwa baiti sita, jumla 12. Oracle inakataa kwa ORA-12899 na inakwambia wazi, actual: 12, maximum: 10. Majina yaliyoandikwa kwa Kiarabu, baiti mbili kila herufi, hufika huko mapema zaidi. Hibernate ikitengeneza jedwali yenyewe huandika varchar2(10 char), kwa hiyo mashine ya mwandishi wa programu haitaonyesha kosa. Litatokea kwenye jedwali lililotengenezwa kwa mkono. Rekebisha kwa ALTER TABLE mteja MODIFY (ukoo VARCHAR2(10 CHAR)), ukikumbuka kwamba ukomo wa baiti 4000 unabaki palepale isipokuwa kanzidata imewekewa MAX_STRING_SIZE=EXTENDED.

Sasa namba za utambulisho, na hapa tutakawia kidogo kwa sababu ndipo data huharibika. Oracle hutoa namba kwa kitu kiitwacho sikwensi. Hibernate, ili isisafiri hadi kwenye kanzidata kwa kila rekodi mpya, huchukua namba kwa mafungu: allocationSize kwa kawaida ni 50. Sikwensi nayo lazima iwe INCREMENT BY 50. Msimamizi akiiacha kwenye 1, ambayo ndiyo kawaida ya Oracle, Hibernate ya sasa itakataa kuwaka na kukueleza kuwa namba hizo mbili hazilingani. Shukuru, kisha sahihisha sikwensi. Kishawishi ni kuweka hibernate.id.sequence.increment_size_mismatch_strategy=NONE ili ukaguzi unyamaze; matokeo yake ni namba hasi, au ORA-00001 ya namba iliyokwisha tumika.

Kosa linalowapata hata wazoefu liko kwenye START WITH. Umehamisha wateja, namba kubwa kabisa ni 80000, ukaanzisha sikwensi kwenye 80001. Inaonekana sawa. Lakini utaratibu wa kawaida wa Hibernate, unaoitwa pooled, huichukulia namba inayotoka kwenye sikwensi kuwa mwisho wa fungu, si mwanzo wake. Ikipewa 80001 itarudi nyuma 49 na kuanza kugawa 79952, namba yenye mwenyewe tayari. Anzia 80100, yaani namba kubwa kuongeza 100, ulale usingizi. Anayetaka fungu lihesabiwe kutoka chini aweke hibernate.id.optimizer.pooled.preferred=pooled-lo, hapo 80001 itakuwa sahihi.

Na wahasibu waelezwe mapema: sikwensi ya Oracle huweka akiba ya hatua 20 kwenye kumbukumbu ya seva. Hatua 20 mara 50 ni namba 1000. Umeme ukikatika na seva ikaanguka, namba hizo zinaweza kuruka bila mtu kuiba chochote. Namba ya risiti isiyotakiwa kuruka isitoke kwenye sikwensi hata kidogo. Iwekewe jedwali lake lenye mstari mmoja unaofungwa wakati wa kuandika, ukubali kwamba itakuwa polepole.

Tarehe. Katika PostgreSQL, date ni siku tu. Katika Oracle, DATE hubeba saa, dakika na sekunde daima. Malipo yaliyoingizwa kwa SYSDATE, yaani saa ya sasa ya Oracle, yana saa ndani yake, kwa hiyo where p.tarehe = :leo italeta yale tu yaliyotokea saa sita kamili ya usiku, ambayo kwa kawaida ni sifuri. Tumia p.tarehe >= :leo and p.tarehe < :kesho. Usikimbilie trunc(tarehe): jibu litakuwa sahihi, lakini faharasa (index) ya kawaida kwenye safuwima hiyo, inayoharakisha utafutaji, haitatumika.

Faharasa hiyohiyo huweza kupotea kwa njia ya siri zaidi. Sifa ya Java ikiwa LocalDateTime na safuwima ikiwa DATE, dereva hupeleka kigezo kama TIMESTAMP. Oracle, badala ya kushusha kigezo, hupandisha safuwima nzima kuwa TIMESTAMP. Omba mpango wa utekelezaji, yaani maelezo ya namna Oracle itakavyolitekeleza ulizo. Ukiona INTERNAL_FUNCTION("TAREHE") kwenye sehemu ya masharti, umempata mchawi. Ikiwa jedwali ni lako, badili safuwima kuwa TIMESTAMP(0). Ikiwa lina wenyewe wengine, andika ulizo hilo kwa SQL ya asili, ile unayoiandika mwenyewe, na uzungushe kigezo kwa cast(:mwanzo as date). Saa za eneo nazo ziamuliwe waziwazi kwa hibernate.jdbc.time_zone, kwa sababu malipo ya saa saba usiku Afrika Mashariki ni saa nne usiku wa jana kwa UTC, na SYSDATE hufuata saa ya seva ya kanzidata, si ya programu yako.

Kasi. Madereva ya MySQL na PostgreSQL, yakiachwa yalivyo, huvuta majibu yote kwa safari moja. Dereva ya Oracle huvuta rekodi 10 kwa safari. Orodha ya rekodi 5000 ni safari 500. Kila safari ikichukua milisekunde 10 kwenye mtandao kati ya matawi, umesubiri sekunde tano za kusafiri tu, kabla ya kazi yoyote. Weka hibernate.jdbc.fetch_size=100 na safari zitashuka hadi 50. Ni mstari mmoja, na pengine ndio pekee unaostahili ile sifa ya "mstari mmoja".

Mengine kwa haraka. Orodha ndani ya in (...) ina ukomo wa vitu 1000 katika 19c, Hibernate ya sasa huigawanya yenyewe kwenye HQL, lugha yake ya maulizo, lakini SQL ya asili utaigawanya mwenyewe au upate ORA-01795. Orodha zenye urefu tofauti kila mara huilazimu Oracle kuchambua SQL upya, basi washa hibernate.query.in_clause_parameter_padding ili orodha ya vitu vitano, sita au saba zote zijazwe hadi nane. Select distinct yenye safuwima ya CLOB (maandishi marefu) itakataliwa kwa ORA-00932. Ikiwa distinct iliwekwa kwa ajili ya join fetch tu (kuvuta data ya jedwali linalohusiana kwa ulizo lilelile), Hibernate 6 haiihitaji tena, ifute. Kufunga rekodi kwa FOR UPDATE huku ukikata kurasa huleta ORA-02014: pata namba za utambulisho kwanza, kisha zifunge kwa ulizo la pili. Msimbo kama DSM ukikaa kwenye CHAR(10) utafuatwa na nafasi tupu saba, na kigezo "DSM" kutoka Java hakitaupata. Hamisha safuwima kuwa VARCHAR2 na uzikate nafasi hizo.

Majina nayo. Oracle ya kabla ya 12.2 hukomea baiti 30. Jedwali kumbukumbu_za_malipo_ya_wateja lina 30 kamili, linapita kwa tundu la sindano, lakini ukiiita sikwensi yake kwa kuongeza _seq unafika 34 na ORA-00972. Kwa upande wa pili, aliyeita safuwima zake tarehe, namba na kiwango hatakutana na maneno yaliyotengwa kama date, number na level, ambayo Oracle haikubali yatumike bila nukuu. Na nukuu zenyewe usizipende: ukiwasha hibernate.globally_quoted_identifiers, "mteja" kwa herufi ndogo si MTEJA, na utaambiwa jedwali halipo huku unaliona kwa macho yako.

Majaribio yafanyike kwenye Oracle yenyewe. H2, kanzidata ndogo ya majaribio, ikivaa joho la Oracle huiga baadhi ya mambo, lakini mpango wa utekelezaji, safari za dereva na misimbo ya makosa havitakuwa vya Oracle. Toleo la bure la Oracle linatosha: nyuzi mbili za kichakato, RAM ya GB 2, data ya GB 12, na huwaka ndani ya kontena la programu. Weka hibernate.hbm2ddl.auto=validate, majedwali yatengenezwe na hati zilezile za SQL zitakazotumika siku ya kuhama. Ila angalia namba ya toleo. Toleo la bure kuanzia la 23 lina BOOLEAN, na Hibernate ikiliona hubadili mwendo wake na kuitumia. Kama seva halisi ni 19c, jaribu kwa Oracle XE 21c, toleo la bure la awali, ambayo haina BOOLEAN kama ilivyo 19c. La sivyo majaribio yote yatapita, na safuwima zako za NUMBER(1) zitakuwa hazijaguswa hata mara moja.

Wasomaji wako, waandishi wa programu,
Dar es Salaam