Taharuki: ficha jibu, usifiche swali

Wapendwa wanakikundi, habari za jioni.

Nimezisoma hadithi zenu zote za wiki hii. Jambo moja limenikaa moyoni: wengi mmeficha habari, lakini msomaji hata hajui kuna kilichofichwa. Hapo taharuki haizaliwi. Tuseme mwanamke anapokea barua, anaisoma mara mbili, kisha anaanza kufungasha nguo za mtoto mmoja tu kati ya wawili. Barua hatujaiona, ila kuacha kusoma hatuwezi tena. Jibu limefichwa, swali liko wazi mbele yetu.

Angalieni pia nani anasimulia. Msimulizi wa nafsi ya kwanza anayeijua siri tangu mwanzo, akainyamazia hadi aya ya mwisho bila sababu, humfanya msomaji ajione amelaghaiwa. Mpeni sababu ya kunyamaza: aibu, hofu, ahadi. Au simulieni kupitia macho ya asiyejua, mtoto kwa mfano (njia hii naipenda mno).

Siri moja yatosha hadithi fupi.

Kabla ya Jumamosi, kila mmoja aandike upya ukurasa wake wa kwanza tu, kisha autume hapa. Nitazisoma zote.