Msiba uliofika simuni kabla ya mlangoni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu kauli ninayoisikia mara kwa mara hapa Ujiji, kwamba jambo fulani tusilipe uzito kwa sababu "ni la mtandaoni tu".

Miezi michache iliyopita tulifiwa na baba mdogo usiku, akiwa hospitalini. Kwa desturi yetu, habari ya namna hiyo hukabidhiwa mtu mzima aipeleke: huketi kwanza, husema mgonjwa amezidiwa, na kabla hajamaliza maneno mwenyeji huwa ameshaelewa, naye ameshapata wa kumshika mkono. Safari hii kijana mmoja wa mtaani, ambaye nia yake siilaumu, aliweka picha ya marehemu kwenye status ya WhatsApp pamoja na maneno ya rambirambi. Asubuhi, binti wa marehemu alikuwa akipanga nyanya zake sokoni Kasulu, mteja akampa pole. Akauliza, "Pole ya nini?" Mtu mzima tuliyemtuma alikuwa bado garini.

Wanaodai kwamba mambo ya simu hubaki simuni hawaishi hivyo wenyewe. Wafanyabiashara wa dagaa huulizana bei kwa WhatsApp kabla mitumbwi haijafika mwaloni Kibirizi, na sijasikia hata mmoja akikataa kulipa deni kwa hoja kwamba makubaliano yalikuwa ya mtandaoni. Michango ya msiba wetu ilitumwa kwa simu, ikanunua sanda na mchele. Iweje basi fedha iliyopita humo iwe fedha, na tusi lililopita humo lisiwe tusi?

Hata ukimya nao umetoka simuni. Tangu WhatsApp ilipoleta alama za buluu mwishoni mwa 2014, aliyesoma ujumbe bila kujibu hujulikana, na nawafahamu ndugu wawili wasiosalimiana msikitini kwa sababu hiyo tu, ingawa mmoja wao huenda simu yake ilikuwa mikononi mwa mjukuu.

Linaloniudhi zaidi ni la jirani yangu, mama aliyechafuliwa jina katika kundi la kikoba chake, kisha akawa anachekwa bombani anapokwenda kuteka maji. Alipopeleka shauri kwa wasuluhishi, aliambiwa arudi nyumbani akazime simu. Je, bomba nalo alizime? Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia uchungu wa moyo. Siombi polisi waingie katika kila kundi, maana sheria hiyo imelalamikiwa na wengi kwa ukali wake katika mambo mengine. Naomba wazee wetu walisikilize shauri la namna hiyo kama wanavyosikiliza la matusi yaliyotolewa barazani, kwa kuita pande zote mbili na kumtaka aliyekosa aombe radhi palepale alipokosea, mbele ya wanakundi walewale.

Kuhusu misiba, katika kundi la mtaa wetu tumekubaliana kwamba picha wala jina la marehemu lisiwekwe mpaka mfiwa mmoja, aliyeteuliwa na familia, atangaze mwenyewe. Kijana yule ndiye aliyekuwa wa kwanza kuunga mkono.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma