Barua kwa Mwanangu: Dola Iliyosimama Penye Upepo

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Barua yako ilinifikia salama, nami nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa barazani baada ya alasiri. Swali uliloniuliza si la kujibiwa kwa simu: imekuwaje Srivijaya, dola ya Kibudha iliyotawala njia ya bahari ya Sumatra kwa karne nyingi, ikasahaulika hata jina, ilhali mahekalu ya mawe ya Angkor kule Kambodia na Borobudur kule Java watu wanakwenda kuyatazama mpaka leo? Nitakujibu kama mtu wa pwani, kwa kuwa naamini habari hiyo haieleweki mpaka mtu aanze na upepo.

Unajua jinsi vyombo vilivyokuja kwetu na kaskazi vilivyolazimika kusubiri kusi ndipo virudi kwao. Katika Mlango Bahari wa Malaka mambo yalikuwa hayohayo, ila huko zilikutana safari za pande mbili, za India na za China, na nahodha aliyefika kwa upepo mmoja hakuweza kuendelea mpaka upepo mwingine uanze. Mji uliopo leo Palembang, kando ya Mto Musi, ulikaa mahali pa kusubiria. Mtu anayesubiri miezi kadhaa anahitaji chakula, maji, ghala na usalama wa mali yake, na wafalme wa Srivijaya walimpa vyote hivyo, wakamtoza ushuru, wakamuuzia kafuri ya Sumatra, ileile iliyosifika mpaka Uarabuni.

Lakini kilichonivutia mimi si ushuru. Mwaka 671 mtawa wa Kichina aitwaye Yijing alipanda chombo Guangzhou, bandari ya kusini mwa China, akielekea India kutafuta vitabu vya dini yake, na baada ya siku zisizofika ishirini akatia nanga Srivijaya, akakaa miezi sita akisoma sarufi ya Kisanskriti. Baada ya miaka mingi ya masomo Nalanda, chuo kikuu cha watawa wa Kibudha huko India, alirudi palepale kufasiri, akaandika kwamba mji ule ulikuwa na watawa zaidi ya 1,000, na kwamba mtawa wa China anayetaka kwenda India angefanya vyema kukaa kwanza hapo mwaka mmoja au miwili ajifunze. Mwaka 689 alipanda merikebu mtoni ili apeleke barua ya kuomba karatasi, wino na fedha za kuwalipa wanakili. Upepo ukawa mzuri, matanga yakapandishwa naye angali ndani, akajikuta Guangzhou huku vitabu vyake vyote vimebaki Srivijaya. Mwaka huohuo alirudi kuvifuata, akiwa na wasaidizi. Nikiisoma habari hiyo nauona mji ambamo mtu aliweza kuacha kazi ya maisha yake bila kukusudia, akarudi na kuikuta.

Usidhani hata hivyo kwamba dola ile ilijengwa kwa sala peke yake. Maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe la Kedukan Bukit, huko Palembang, yanasimulia jinsi kiongozi mwenye cheo cha Dapunta Hyang alivyoondoka mwaka 682 na jeshi la watu 20,000. Jiwe jingine, la Telaga Batu, limechongwa vichwa saba vya nyoka juu yake, na chini yake upo mfereji wa kupitishia maji. Wakuu, pamoja na manahodha na wafanyabiashara, waliapishwa kwa maji hayo, na aliyevunja kiapo laana ilimngoja. Na bado mfalme wa zama hizohizo, Jayanasa, mwaka 684 alipanda bustani ya minazi, mipopoo na mianzi, akaandika kwamba matunda yake yawe kwa manufaa ya viumbe wote. Mkono uliolaani na mkono uliopanda ulikuwa mmoja, na sioni haja ya kuitenganisha ili tumpende zaidi.

Kwa miaka mingi Srivijaya ilijitangaza ughaibuni kwa kujenga. Katika karne ya 9 mfalme Balaputradeva alijenga nyumba ya watawa Nalanda, naye mfalme Devapala wa Bengal akatenga mapato ya vijiji vitano kuitunza. Mnamo 1006 ikajengwa nyingine Nagapattinam, kusini mwa India, katika nchi ya Wachola. Hawa walikuwa Wahindu, waumini wa Shiva, na bado mfalme wao Rajaraja aliipa nyumba hiyo ya Wabudha mapato ya kijiji kizima.

Miaka isiyofika ishirini baadaye, mwaka 1025, mwanawe Rajendra alituma merikebu za vita dhidi ya Srivijaya, akamteka mfalme Sangrama Vijayottungavarman, akachukua lango lililopambwa kwa vito. Wengi huishia hapo na kusema dola ilikufa siku hiyo. Mimi sikubaliani nao. Wachola hawakuitawala Sumatra kwa muda mrefu, na biashara iliendelea, ingawa makao makuu yalihamia Jambi, mji mwingine wa Sumatra. Nionavyo mimi, kilichoiua dola ni kwamba watu hawakuwa tena na sababu kubwa ya kungoja pale. Wachina wa zama za ukoo wa kifalme wa Song walianza kusafiri kwa merikebu zao wenyewe hadi India, na bandari ndogo zikauza bidhaa zao moja kwa moja. Zhao Rugua, afisa wa Kichina, aliandika mwaka 1225 kwamba chombo kilichopita bila kutia nanga kilishambuliwa. Bandari inayowavizia wapitao imekwisha kupoteza kile kilichomwezesha Yijing kuvikuta vitabu vyake mle.

Yaliyofuata ni ya kisiwa jirani cha Java. Singhasari, dola ya huko, ilituma jeshi Sumatra mwaka 1275, kisha Majapahit, dola ya Wahindu na Wabudha, ikaipiga Palembang mnamo 1377. Mwanamfalme Parameswara alihama, na karibu na mwaka 1400 akaanzisha Malaka, bandari ambayo wafalme wake waliofuata walikuwa Waislamu.

Na kusahaulika? Mji ule ulikuwa wa mbao na mianzi, nyumba nyingine zikielea juu ya mto, na mbao haikai kama mawe ya Angkor. Mtaalamu Hendrik Kern, aliyesoma maandishi ya jiwe la Kota Kapur, alidhani Srivijaya ni jina la mfalme. Ni mwaka 1918 tu ambapo mwanahistoria George Coedès aliyaunganisha maandishi ya mawe na ya Wachina, akaonyesha kwamba ni jina la dola.

Lakini kuna mahali ambapo haikusahaulika kabisa. Mnamo 1013 mwanachuoni wa Bengal aitwaye Atisha alivuka bahari, akakaa Sumatra miaka 12 akijifunza kwa mwalimu Dharmakirti namna ya kuulea moyo wa huruma. Mwaka 1042 Atisha alifika Tibet, akayafundisha aliyoyapokea. Huko milimani, mbali na bahari yoyote, wanafunzi wake na wanafunzi wao wameendelea kumtaja mwalimu yule kwa jina la Serlingpa, yaani mtu wa Kisiwa cha Dhahabu.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako