Tone la damu lisiishie kupima sukari

Mhariri,

Kila asubuhi namtoboa mama kidole, nagusisha tone la damu kwenye stripu, na sekunde chache baadaye mashine inatoa namba. Ndani ya stripu kimeng'enya kinachakata sukari na kuzaa umeme kidogo, ndio unaopimwa. Wazo hilo Leland Clark wa Marekani alilieleza mwaka 1962.

Leo watafiti wanaitafuta maikro-RNA kwa njia inayofanana na hiyo. Ni kipande kifupi cha RNA, molekuli iliyo jamaa ya DNA, chenye herufi za kemikali 22 hivi, kinachodhibiti jeni, na kiwango chake hubadilika mtu anapopata saratani. Uzi wa DNA unaooana nacho hubandikwa juu ya dhahabu. Ukikinasa, umeme hubadilika. Victor Ambros na Gary Ruvkun walipewa Nobel mwaka 2024 kwa kuigundua maikro-RNA.

Kazi ni ngumu, kwani maikro-RNA kwenye damu ni haba mno, na nyingine hutofautiana kwa herufi moja tu. Lakini shangazi yangu alisubiri wiki sita majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe wake, uvimbe ukikua. Naomba vyuo vyetu vikuu vipewe fedha za kushiriki utafiti huu sasa, tusisubiri kuuziwa stripu.

Msomaji,
Morogoro