Katani iandikwe katani, plastiki iandikwe plastiki

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ni ile habari yenu ya wiki iliyopita, yenye picha ya viongozi walioshika vikapu, inayowahimiza Watanzania kununua bidhaa za mkonge zinazotengenezwa hapa nchini. Mwandishi wenu kaeleza vizuri habari za ajira na mazingira. Kakumbusha hata ile miche 62 ya kwanza ya mkonge iliyofika hai Tanga mwaka 1893. Ila kuna swali hakuuliza, na ndilo linalotuumiza sisi wenye bidhaa: huyo mnunuzi anayehimizwa atajuaje kwamba alichokishika mkononi ni mkonge?

Mimi ni msokotaji wa katani, yaani uzi wa mkonge, Korogwe. Baba yangu alikuwa mkata mkonge, mama alikuwa akianika singa, zile nyuzi zinazotoka kwenye jani, na harufu ya korona, mashine ya kuchakata majani ya mkonge, naijua tangu nabebwa mgongoni. Najua kwamba kilo mia za majani zikipita korona zinakupa singa kama kilo nne tu, kingine chote ni maji na makapi. Kwa hiyo singa kwangu si kitu cha kuchezea.

Mwezi uliopita nilipeleka mikoba 12 kwa mwenye duka mmoja mjini Tanga, mtu ambaye amekuwa akinunua kwangu muda mrefu. Mkoba mmoja unanichukua siku tatu. Nachambua singa, nazisokota pajani mpaka ngozi inawaka, nachemsha rangi, naanika kivulini ili isipauke, ndipo nianze kufuma. Naomba shilingi 25,000. Safari hii hakuifungua hata kamba. Akaniambia, "Mama, siku hizi napata ya 12,000, nayo ni katani vilevile." Akanishushia mmoja kutoka rafuni. Umening'inizwa kikaratasi kizuri chenye picha ya mche wa mkonge, kimeandikwa "Katani Asilia 100%". Hakuna jina la aliyetengeneza wala mahali ulipotengenezwa. Nikaupapasa. Uzi ulikuwa laini mno, unene wake mmoja mwanzo mpaka mwisho, hauna hata kile kibanzi kidogo kinachochoma kidole. Nikamwomba ruhusa, nikachomoa uzi mmoja kwenye pindo, nikawasha kiberiti. Mhariri, ule uzi haukuungua, ulijikunja. Ulirudi nyuma kama mnyoo, ukayeyuka, ukadondosha tone jeusi kwenye sakafu, na tone lile lilipopoa likawa gumu kama ushanga. Duka zima likanuka ndoo ya plastiki iliyosahaulika jikoni. Kisha nikachomoa uzi wa mkoba wangu. Ukashika moto kama karatasi, ukanuka majani makavu, ukabaki majivu niliyoyapuliza yakaruka. Nikamwambia, "Mwanangu, umeona mwenyewe." Aliona. Wala hakubisha. Alinijibu hivi: "Nimeona, mama. Lakini mteja hachomi mkoba, mteja anasoma karatasi." Nikarudi Korogwe na mikoba yangu yote 12, nimelipa nauli kwenda na kurudi, na mpaka leo naandika barua hii mikoba hiyo imetundikwa ukutani. Simlaumu sana yule kijana, naye ana kodi ya pango. Namlaumu aliyeandika kile kikaratasi, na nawalaumu wote wenye dhamana ya kukikagua ambao hawajawahi kuchomoa hata uzi mmoja. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha mkonge unaokaribia tani 230,000, na kiwango hicho hatujakifikia tena. Sababu ni nyingi, lakini kila mzee wa mashambani atakutajia nailoni na jamii yake. Kamba za plastiki zilitushinda sokoni kwa jina lao wenyewe, kwa urahisi wa bei, hilo tulilimeza. Sasa zinarudi kutushinda kwa jina letu. Hilo mimi silimezi.

Na tukiwa hapohapo kwenye majina, niseme na hili. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, tumejazwa ile mifuko mbadala yenye rangirangi, na watu wanaiita mifuko ya kitambaa. Nyingi si kitambaa. Ni polipropilini, aina ya plastiki, iliyobanwa kwa joto ifanane na kitambaa. Iache juani miezi michache uone inavyosagika unga mikononi. Wale viongozi wa kwenye picha yenu, semina zao wenyewe zinagawa makabrasha ndani ya mifuko hiyohiyo. Magunia nayo. Gunia la juti tunaliita la katani, kumbe juti ni ganda la shina la mmea mwingine kabisa, unaolimwa zaidi India na Bangladesh. Ni uzi wa asili, sikatai, na gunia lake ni zuri. Lakini mtu akilinunua akidhani anamsaidia mkulima wa Korogwe au Kilosa, kadanganyika. Yapo mambo mawili ambayo habari yenu iliyachanganya: kitu kimetengenezwa kwa uzi gani, na kimetengenezwa wapi. Hata zile namba za mistari (barcode) zinazoanza na 620, ambazo watu wanadhani ni uthibitisho kuwa bidhaa imetengenezwa Tanzania, zinaonyesha tu kwamba kampuni imesajili namba zake hapa. Bidhaa yenyewe inaweza kuwa imeshuka jana bandarini.

Wenzetu hili walishalimaliza. Mnunuzi mmoja kutoka nje aliwahi kunionyesha kanuni ya Ulaya, namba 1007 ya mwaka 2011, inayohusu vitambaa na nguo. Imeorodhesha majina ya nyuzi, mkonge umo, na hairuhusu kitu kiandikwe asilimia 100 kama si uzi wa aina moja. Kama kwetu ipo sheria ya namna hiyo, dukani haionekani.

Ninachoomba ni hiki. Kila kikapu, mkoba, zulia na kamba inayouzwa kwa jina la katani iwe na lebo ya Kiswahili, iliyoshonewa ndani ya pindo, si kuning'inizwa kwa pini ambayo mtu anaihamisha usiku. Iandikwe mistari mitatu: uzi ni wa nini na kwa asilimia ngapi, umesokotwa wapi, umefumwa wapi. Kama ni nusu katani nusu plastiki, iandikwe hivyo; anayeitaka ataitaka. Na pembeni mwa kila bidhaa mfumaji aache mkia wa uzi uleule, urefu wa kidole cha kati, usiofumwa. Huo uwe wa mteja kukata na kuchoma akitaka, bila kuharibu mkoba na bila kuomba ruhusa. Mimi mikia hiyo nimeshaanza kuiacha. Mkaguzi naye asije na faili tu, aje na kiberiti.

Ndani ya bahasha hii nimeweka nyuzi mbili. Mmoja niliusokota mwenyewe, mwingine ni ule nilioukata kwenye mkoba wa lile duka. Sikuandika upi ni upi. Naomba umkabidhi mwandishi wa ile habari auangalie kila mmoja, aupapase, kisha auchome, na atakachokiona akichapishe.

Msokotaji wa katani,
Korogwe, Tanga