Watazamaji wa ndege Mida wafuate saa ya maji

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna tunavyowatazama ndege katika Hori ya Mida, kusini mwa Malindi.

Jumapili moja alasiri, maji ya bamvua, yale makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yakiwa yamejaa, niliona mashua ya watalii ikielekezwa moja kwa moja kwenye fungu la mchanga lililojaa vitwitwi, ili waruke na wageni wapate picha. Waliruka, wakazunguka, wakatua, kisha wakafukuzwa tena, mara tatu. Picha bila shaka zilipendeza.

Aishiye kando ya hori anajua kwamba maji yakipwa ndege hawa hutawanyika topeni kutafuta minyoo na kaa, na yakijaa hubaki na fungu hilo au matawi ya mikoko tu pa kupumzikia. Kumrusha ndege wakati huo ni kumpotezea mafuta anayojiwekea kwa safari, na safari yenyewe si ya Mombasa: wamo vitwitwi waondokao hapa mwezi wa Aprili kwenda kuzaa Siberia. Yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambaye wageni humwulizia kuliko wote, huzaa pwani za Bahari ya Shamu na za Uarabuni, Oman ikiwamo, ambako huchimba shimo mchangani na kwa kawaida hutaga yai moja tu. Wakipungua, kuongezeka tena si kazi ya msimu mmoja.

Sipingi utalii, kwani daraja la mbao lililopita juu ya mikoko limewafaa wengi hapa kwetu. Ninachoomba ni waongozaji wapange ziara kwa jedwali la maji, wafike yanapoanza kujaa. Hapo maji yenyewe huwasogeza ndege hadi karibu na ufuko, na mwenye darubini akiketi kimya atawaona vizuri kuliko aliye mashuani. Yakishajaa kabisa, mashua zikae mbali na fungu.

Hori imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyoanzishwa mwaka 1968, kwa hiyo msimamizi yupo. Naiomba KWS, shirika la serikali la kuhifadhi wanyamapori, iweke kibao dikoni chenye maelezo haya, na askari wake wapite hasa siku za bamvua, kabla ya Aprili.

Msomaji wako,
Watamu, Kilifi