Kopo la Bi Mize

Wete, Pemba

Shoga yangu Salma,

Assalaamu alaikum. Sisi huku wazima, Alhamdulillah. Mvua za vuli zimeshika, na karafuu za watu zinalala jamvini bila kukauka.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unataka kukusanya nguo za vichanga huko Maskati, uzitie maboksini uwaletee wazazi wa kisiwani Kojani. Usizilete, shoga. Nakwambia kwa mapenzi, maana roho yako naijua. Mtoto wa Kojani hakosi nguo: anapokewa kwa kanga za bibi na shangazi, na vijinguo vya kaka zake vipo. Kinachokosekana ni nauli saa nane za usiku.

Mwezi uliopita nililala kule kwa mama mdogo. Jirani yake, mimba ya tano, alishikwa na uchungu baada ya isha, akajifungua hata maji hayajachemka. Mtoto salama. Lakini damu haikukata. Niliona kanga ikibadilishwa, ya pili, ya tatu, na ile ya tatu nilipoipokea ilikuwa nzito kama iliyotoka kuloweshwa. Mume yuko dago, kambi ya wavuvi, upande wa Tanga, simu haipatikani. Mama mkwe anasema tumngoje mwenyewe.

Bi Mize, mkunga wao, akainuka. "Hii si ya kungoja." Akavuta kopo la maziwa analowekea akiba ya kuwavushia wazazi, chini ya kitanda, akalipasua kwa kisu. Mlikuwa na shilingi 115,000, na nyingi ni zile ulizoleta wewe Ramadhani. Mwenye mtumbwi akapewa yake, mwenye gari akapigiwa simu atungoje ng'ambo. Maji yalikuwa yamekupwa, kwa hiyo vijana wanne walimbeba na kitanda chake, matope magotini, mpaka penye kina. Mimi nilimpakata mtoto. Njia nzima nilikuwa namwita mama yake kwa jina, na kila mara aliitika kwa sauti ndogo zaidi.

Hospitali ya Wete alitiwa chupa mbili za damu. Sasa yuko ndani ya arobaini yake, anakunywa uji wa pilipili manga, mtoto ananyonya.

Salma, damu ya baada ya kuzaa ndiyo inayoongoza kuua wazazi, na inaweza kummaliza mtu mzima wa afya ndani ya saa mbili. Ndiyo maana nataka pesa ilale palepale kisiwani, mkononi mwa mwanamke mwenye uamuzi. Isikae benki, wala kwangu Wete. Na isingoje damu: Bi Mize anataka wale waliozaa mara nyingi wavuke mapema, wakae kwa jamaa huku mjini mpaka siku zao. Wengi hawaji kwa sababu ya watoto wanaowaacha. Nani atawapikia? Basi sehemu ya kopo iwe unga na kitoweo cha huyo atakayebaki nao. Hilo watu hawalifikirii wanapotoa, nami sikulifikiria mpaka nilipowaona watoto wanne wa yule jirani wamekaa kizingitini asubuhi, hawajala.

Uliuliza kuhusu zaka. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa, na kopo hili hatumuulizi mtu ana nini kabla ya kumvusha. Kwa hiyo humu tia sadaka. Zaka yako nitumie mbali na hiyo, nitawapa mafakiri ninaowajua.

Na kaka zako walioko hapa Wete waambie waende kutoa damu. Zile chupa mbili zilitoka kwenye mishipa ya watu.

Nauli ya maboksi yale, pamoja na ulichokusudia kununulia nguo, igeuze iwe pesa. Bi Mize keshapata kopo jipya, katoboa tundu kwa msumari. Noti ya kwanza, ya 5,000, aliitia mama mkwe yule, hakusema neno.

Nisalimie watoto.

Shoga yako,
Time